Bata wa Makumbi na Bata wa Vibuyu

Alhamisi, mwezi kumi na mbili Shaabani, mwaka wa vita vya maji. Kusi imelegea lakini haijakatika. Ukungu juu ya bwawa mpaka jua lilipopanda, mbingu kavu, mvua hata harufu yake hakuna.

Hayo ndiyo niliyoandika siku ile, na chini yake hesabu ya bata. Karatasi zilikuwa chache, nikaona yatosha. Mengine yote nayatoa kichwani miaka mingi baadaye, nami sikiamini sana kichwa changu. Nilikaa chuoni mpaka nikahitimu Kurani, nikajua kuandika lugha yetu kwa herufi zile zile za mwalimu, basi, elimu yangu iliishia hapo. Penye shaka nitasema pana shaka.

Tulikuwa tunakaa upande wa Salale, mahali mikoko inapokoma na maji ya mto yanapoanza kuwa matamu. Nyumbani nilikuwapo mimi, mke wangu aliyekuwa na mtoto wa kunyonya, na kaka yangu mkubwa aliyefiwa na mkewe. Mwezi mmoja kabla ya siku ile akaja mama mkwe wangu. Alitoka vilimani kusini, Umatumbi, ambako nyumba yake ilichomwa moto vitani. Nani aliichoma, wenye maji au wenye bunduki, hakusema, nami sitaandika nisilolijua. Alikuja na wajukuu wawili, mkeka mmoja, na vibuyu kumi na tisa vilivyofungwa kwenye kamba moja.

"Vibuyu vyote hivi vya nini, mama?" mke wangu alimuuliza.

"Vilikuwa vinaning'inia mtini nje. Ndivyo vilivyosalia. Ulitaka nikuletee majivu?"

Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa makuti nikisikia. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawasemezani ana kwa ana. Akiwa na neno na mimi alimwambia bintiye, "Mwambie mumeo," na mimi nilikwisha kulisikia kabla halijamaliza safari yake. Hata hivyo mke wangu alikuja kunirudishia lote, na jibu langu akalipeleka vile vile, ingawa mama alikuwa mikono mitatu kutoka nilipokaa. Ilikuwa adabu, nasi hatukuona ajabu.

Tatizo letu lilikuwa chakula. Mpunga wa kula ulikwisha mwanzo wa Shaabani. Samaki tulipata wa kuokoteza tu vijitoni, kwa maana mitumbwi yote ilizuiwa ili watu wasivuke mto. Gobori la kaka lilikuwa limechukuliwa na askari, limekwenda Kibiti pamoja na mabunduki yote ya upande wetu. Kilichobaki ni kikapu kimoja cha mbegu ya mpunga, mdomo umeshonwa kwa ukindu, kimening'inizwa juu ya moshi wa jiko wadudu wasikiingie. Mbegu ile ikiliwa, mwakani hakuna shamba.

Jumatatu kaka akasema, "Ijumaa tukishushe. Tule nusu, tupande nusu." Niseme haki, hakusema kwa uroho. Alikuwa amemwona mtoto wangu ananyonya na kulia hapo hapo.

Mama mkwe akajibu kutoka uani. "Mwambie mumeo amwambie kaka yake, mimi sili mbegu ya watu. Siku kikapu kile kikishuka, na mimi nafunga mkeka. Narudi kwangu na wajukuu wangu."

"Kwako wapi, mama?" mke wangu alisema. "Si umeniambia mwenyewe pamebaki mavumbi?"

"Mavumbi yangu."

Hakuna aliyecheka. Njia ya kwake ilipita katikati ya vita, na jioni zile tuliona moshi wa mbali upande wa vilima ambao haukuwa wa kuchoma mashamba. Tulijua kwamba mwanamke aliyetembea kutoka kule mpaka kwetu na watoto wawili angetembea kurudi pia. Mke wangu usiku ule hakulala. Basi mimi nilikuwa na mpaka Ijumaa nipate chakula, kikapu kibaki juu na mama abaki chini.

Bata walikuwapo. Mafuriko ya masika yalipopungua yaliacha bwawa nyuma ya mashamba, nao walishuka hapo kila asubuhi kwa mamia, wale wenye uso mweupe wanaolia kama filimbi. Bila bunduki njia ilikuwa moja. Tungetandaza kipande cha juya kuukuu, wavu wa kuvulia, chini ya maji mafupi, upande mmoja tuupigilie mambo, yaani vigingi, upande wa pili tuufunge kwenye fito mbili zenye kamba. Bata wakitua juu yake, watu wawili wanavuta, wavu unawafunika. Tatizo ni kwamba bwawa lilikuwa kubwa na juya lilikuwa dogo kama ua wa nyumba. Lazima bata waitwe watue pale pale. Hapo ndipo swali la nini cha kuwaitia.

Kaka alikuwa na bata mmoja hai, aliyevunjika bawa, amemfuga tengani tangu kusi ianze.

"Huyu anatosha," alisema. "Akilia, ndugu zake wanakuja."

"Bata mmoja peke yake bwawani ni kama mjane," nilisema. "Wenzake watampita. Anahitaji watu."

"Haya, karani, mtafutie watu." Aliniita karani kila nilipomchosha, kwa sababu ya kuandika kwangu.

Nilifikiri kuchonga mti wa msufi, ni mwepesi, unaelea vizuri, lakini siku zilikuwa mbili na mkono wangu si wa fundi. Nikaviangalia vibuyu vya mama mkwe. Vilikuwa na matumbo ya bata na shingo za bata, kama vile Mungu aliviumba kwa kazi hiyo. Nikamwambia kaka. Akanishika mkono akanivuta pembeni.

"Vibuyu? Mwaka huu? Una akili wewe?"

Nikaelewa. Dawa ya maji ilikuwa inachukuliwa vibuyuni. Mama mkwe mwenyewe alipopita Mbwara alisimamishwa na askari, kila kibuyu kikatikiswa na kunuswa, mpaka alipoambiwa nenda. Askari wakipita bwawani wakakuta vibuyu kumi na tisa vinaelea vimepakwa kitu cheusi kama dawa, nani angekaa kusikiliza habari ya bata?

"Tutanyongwa na bata watapona," kaka alisema.

Nikakubali. Nikachagua makumbi ya nazi. Nilikusanya ishirini na manne, nikayapaka masizi na mafuta, nikayatoboa na kuyachomeka vijiti vya kupinda viwe shingo, nikayapaka chokaa usoni. Kila shingo niliisimamisha wima, bata aonekane bata. Sijapata kufanya kitu cha mkono kilichonipendeza vile. Kwa kiburi hicho nikamwambia kaka kwamba bata wake aliye hai atachafua mpango, akae tengani. Kosa hilo ni langu peke yangu.

Jumatano alfajiri nikayapanga. Na hapa naandika kwa aibu. Niliyafunga kwenye vijiti nilivyochomeka topeni, safu tatu, nane nane, yamenyooka, mapengo sawa, na yote nikayaelekeza kibla. Nilikuwa na hoja yangu. Bata tutawachinja wakielekea kibla, basi nikaona ni heri waitwe na wenzao walioelekea huko huko, pengine kuna baraka. Tena safu ndiyo namna ya kupanga vitu niliyofundishwa utotoni. Sikujua nyingine.

Kaka akaja, akasimama kwenye ukingo, akatazama kwa muda mrefu.

"Mdogo wangu, umewaswalisha?"

"Nimewapanga."

"Imamu yupi? Yule wa mbele mwenye shingo kombo?" Akachuchumaa, akashika tumbo. "Basi tungoje watoe salamu, ndipo tuvute."

Tukajificha mateteni. Bata wakaja, kundi kubwa, wakazunguka juu ya waumini wangu mara moja, mara ya pili, wakapiga filimbi zao, wakaenda kutua upande wa pili wa bwawa. Hakuna hata mmoja aliyegusa juya. Kaka alifunga kamba zake akaondoka, naye, niseme kweli, hakunicheka tena. Hilo lilinichoma zaidi.

Mimi nilibaki nimelala kifudifudi kwenye tope, nikawatazama waliotua kule. Nilikaa mpaka jua likanichoma mgongo. Nikaona mambo mawili ambayo mtu mwingine yeyote angekuwa ameshayaona tangu utoto. La kwanza, wote walitua wakielekea upepo, na wakiwa majini walikaa vile vile, midomo kusini, mikia kaskazini. Bata wangu niliwaelekeza kaskazini, kibla, upepo unawapiga matakoni. La pili, wale waliokuwa wanakula walikuwa wameinamisha shingo mpaka majini. Aliyesimamisha shingo alikuwa ameona hatari. Nilikuwa nimetengeneza bata ishirini na wanne, wote wanasema kimbieni.

Nikarudi nyumbani, nikamweleza mke wangu uani kwa sauti ya kutosha.

Kisha kutoka nyuma ya makuti, "Mwambie mumeo, bata akila shingo yake iko wapi?"

"Chini, majini," nilisema, na mke wangu akapeleka.

"Na kibuyu ukikipasua katikati ukakilaza kifudifudi juu ya maji, shingo yake iko wapi?"

Nusu ya kibuyu ikilazwa kifudifudi ni mgongo wa bata unaoelea, na shingo imelala juu ya maji mbele yake, bata anayekula akashiba. Isitoshe, kibuyu kilichopasuliwa hakichukui dawa wala maji. Ni chombo cha kuchotea tu, hata askari mwenye shaka angekipita.

Lakini vilikuwa ndiyo mali yake yote. Nikamwambia mke wangu, "Mwambie mama, vibuyu vyake tusivipasue. Nitachonga kitu kingine."

"Mwambie mumeo nimesikia. Na mwambie nimeshapasua vinne."

Kweli, tulikuwa tunasikia kisu. Alibakiza vitatu vya maji, akavipasua kumi na sita. Nusu mbili zilipasuka vibaya, tukapata thelathini. Mke wangu alipaka masizi, wajukuu walipigania chokaa, na kaka, ambaye hakuombwa, alikuja na kamba zake za ukindu na vigae vya chungu kilichovunjika viwe nanga, maana kwetu huwezi kupata jiwe hata la kumtupia mbwa. Nikamwomba radhi kwa habari ya bata wake. Akasema, "Mwombe bata," na tukapatana.

Alhamisi, ndiyo siku niliyoitaja mwanzo, tulifika bwawani kabla ya kupambazuka sawasawa. Mke wangu alibaki na watoto. Mama mkwe alikuja, kajifunika kaniki mpaka usoni, kasimama mbali kidogo kama adabu inavyotaka. Mjumbe wetu hakuwapo. Nikaanza kufunga vibuyu, na kwa haraka nikafunga kamba upande wa nyuma, penye tumbo.

Nikasikia sauti nyuma yangu, lakini hakuwa anasema na mimi. Alikuwa amekiinamia kibuyu kimoja kilicholala ukingoni.

"Wewe kibuyu," alikiambia, "huko ulikozaliwa mbuzi hufungwa wapi? Shingoni au matakoni?"

Kaka akakohoa ndani ya mkono wake. Mimi nikafungua kamba zote nikazifunga shingoni. Kusi ikavuma, na kila kibuyu kikageuka chenyewe kikaelekea upepo, nanga imekishika mbele. Sikuhitaji kukielekeza hata kimoja.

"Na msikae kama mmeitwa barazani," mama aliviambia. "Watatu huku, wawili kule. Mwenye njaa hapangi safu."

Nikavitawanya. Kaka akamfunga bata wake mguu kwenye kijiti, katikati, shingo juu, peke yake mwenye kulia. Tukaingia mateteni, kila mtu na kamba yake. Mama mkwe akachuchumaa upande wangu, kaniki yake haitofautiani na tope.

Walikuja jua lilipotoa ukucha. Tulisikia filimbi kwanza. Bata wa kaka akajibu, na alilia, Mungu amlipe, kama mtu anayeita watoto wake sokoni. Kundi likapita juu yetu, likaendelea. Nikajua nimekosa tena. Halafu wakageuka, wote kwa pamoja, wakaja dhidi ya upepo wakiwa chini, mabawa yamekaza, miguu imening'inia. Wa kwanza akatua katikati ya vibuyu viwili akaanza kula. Wakafuata kumi, wakafuata wasiohesabika.

Hapa pana udhaifu wangu wa siku zote. Kaka huvuta mapema na mimi huchelewa, kwa hiyo tulikubaliana kwamba nitasema mimi. Nikangoja. Nikaona watazidi. Nikangoja tena, nikawaza labda wawili wale pembeni bado hawajaingia, labda upepo, labda wavu umeshikwa na mzizi. Kaka alinitazama kwa macho yanayotoka. Mdomo wangu haukufunguka.

"Vuta, mwanangu! Vuta!"

Ilikuwa ni sauti ya mama mkwe wangu, sikioni mwangu, kwangu mimi, bila mtu kati. Nikavuta. Kaka akavuta. Fito zikanyanyuka, juya likapanda na maji yake likang'aa, likawaangukia. Bwawa lote likaruka hewani kwa kelele, lakini sehemu ile iliyokuwa yetu haikuruka. Ilichemka.

Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Kaka anasema nilipiga takbiri, mimi nadhani nilitaja tu jina la mama yangu. Tulikimbilia majini mpaka magotini, tukalala juu ya kingo za wavu, na mama mkwe akaja na kaniki yake yote ndani ya tope akakalia kona ya tatu, anacheka, meno nje, kama msichana aliyeanguka ngomani. Kaka akatoa kisu.

Hesabu niliyoiandika ni hii: waliofunikwa ishirini na saba. Watatu walitoka kwenye matundu mawili ya juya. Wawili walikufa majini kabla kisu hakijawafikia, tukawaacha, si halali. Waliochinjwa, wakielekea kibla, ishirini na wawili. Kwa upande wao bata sina la kujitetea. Tuliwadanganya.

Watu walipouliza baadaye nani alikamata, niliwajibu hivi, na narudia hapa. Vibuyu na akili ni vya mama mkwe. Sauti iliyoita ilikuwa ya bata wa kaka, na juya na kisu vya kaka. Masizi ni ya mke wangu. Langu ni kulala kwenye tope Jumatano na kukubali kwamba nimekosa. Pengine hata hilo nimelikuza.

Tulirudi kila mtu na mzigo begani. Mke wangu alisikia vicheko kabla hajatuona, akatoka na mtoto kiunoni akapiga vigelegele, na majirani wakaitikia wasijue kwa nini. Hodi zikawa nyingi. Bata wanne tuliwagawia jirani. Wanane kaka aliwapeleka Maparoni kwa njia ya matope, akarudi alasiri na mihogo mikavu na tenga la ming'oko, viazi mwitu vilivyochimbwa msituni. Waliobaki, zaidi ya wa kupika siku ile, tuliwakausha kwa moshi, chini ya kikapu cha mbegu ambacho hakuna aliyekiangalia.

Tulipokuwa tunanyonyoa, mke wangu akauliza polepole, "Mama, nimesikia wanasema umemwita mkweo kwa mdomo wako."

"Nani kasema? Nilikuwa nakiambia kibuyu."

"Kibuyu ndicho mwanao?"

"Kimetoka kwangu, si mwanangu?" Kaka alilazimika kuondoka akacheke nyuma ya nyumba. Mimi niliinamisha kichwa juu ya bata wangu, manyoya yamenijaa ndevuni.

Kisha mama, kwa sauti ile ile ya kila siku, "Mwambie mumeo juya lile lina matundu mawili. Anitafutie uzi. Nitaushona wavu kesho, na keshokutwa tutakwenda tena, na wiki ijayo niwaoneshe wajukuu wangu kazi hii."

Mke wangu aliacha kunyonyoa. Alikuja mpaka nilipokaa, hatua nne, machozi yanamtoka na mikono imejaa damu na manyoya, akaniambia lote neno kwa neno, na mimi nikamsikiliza mpaka mwisho kana kwamba sijalisikia.

"Mwambie mama," nilisema, "uzi atapata."

Jioni ile, usiku wa kuamkia Ijumaa, tulikula bata watano waliopikwa kwa tui zito la nazi na pilipili, na ming'oko ya kuchemsha. Wanaume tulikula barazani, wanawake na watoto uani. Mchuzi uliobaki chunguni, wajukuu waliufuta kwa ugali wa muhogo.